Kupeleka Gauni Mwaya Kabla Dunia Haijaisha

Tangu shule ifunguliwe nimeanza kusimulia safari hii mara nne pale ofisini kwa walimu, na mara zote nne kengele imelia nikiwa bado Makambako. Basi nimeamua kuiandika. Someni kwa zamu, na tafadhali asiifungie mtu maandazi.

Mwanzo wake mnaujua. Mwenzetu Tupokigwe, yule Tupo wa darasa la tatu, alitangulia kwao Kyela kujiandaa na harusi iliyopangwa Jumamosi, siku ya kwanza ya mwaka elfu mbili. Gauni lake halikuwa tayari. Fundi alilimaliza Jumanne jioni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki Morogoro bila mume wala mtoto wa kuniuliza nakwenda wapi, nikakabidhiwa. Mwaya hakuna simu. Nilichokuwa nacho ni jina la baba yake, Mzee Lwitiko, na maelekezo ya Tupo mwenyewe: "Ukifika Kyela uliza Mwaya, ukifika Mwaya uliza kanisani."

Mnakumbuka pia siku zile zilivyokuwa. Huyu anasema ndege zitaanguka, yule anasema umeme utakatika dunia nzima. Mpishi wetu wa shule alinunua chumvi ya kumtosha mpaka wajukuu. Mimi nilicheka, lakini niliposhika mfuko wangu kutoka nyumbani niligeuka nikaangalia kitanda changu mara mbili.

Morogoro hadi Makambako

Basi liliondoka Jumatano alfajiri. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, ila msafiri ana ruhusa ya kula, na ruhusa hiyo niliitumia ipasavyo. Ruaha Mbuyuni nilikula mahindi mawili ya kuchoma na nikanunua kikapu cha vitunguu cha kumpelekea mama yake Tupo, maana huwezi kwenda harusini mikono mitupu.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama wa makamo, Mama Sekela, aliyekuwa akirudi kwake Tukuyu. Alikuwa amepakata boksi la mishumaa.

"Yote hiyo ya nini, mama?" nikamuuliza.

"Giza la siku tatu, mwanangu. Hujasikia?"

"Nani amesema?"

"Watu," akanijibu, kwa sauti ya mtu aliyetaja shahidi wa kutosha.

Tulipofika kwenye ile misitu ya misonobari baada ya Mafinga, jua likiwa linaelekea kuzama, gari likakohoa mara tatu likazima. Kondakta akatutangazia kwamba ni hitilafu ndogo. Dereva akaingia uvunguni, akatoka, akaondoka na lori lililokuwa likipita kwenda kutafuta kipuri. Hapo tukajua hitilafu ina ukubwa gani.

Baridi ya kule mnaisikia tu. Watu wakaanza kunong'ona. Bwana mmoja mwenye tai akasimama katikati ya viti akasema, "Imeanza. Ni zile kompyuta."

"Kompyuta gani?" kondakta akamjibu. "Basi hili halina hata saa."

Wachache walicheka. Mtoto akalia nyuma, mwanamke mwingine akaanza kuomba kwa sauti. Nikahisi macho yananijia mimi. Kumbe yalikuwa yanaujia mzigo wangu. Gauni nilikuwa nimelikunja kwa urefu, nikalifunga kwenye shuka nyeupe, na tangu asubuhi nilikuwa nimelilaza mapajani kwa uangalifu wote.

Mama Sekela akanishika mkono, akaniuliza polepole, "Mwanangu, samahani. Huyo uliyembeba ni nani?"

Ilinichukua muda kuelewa. Toka Morogoro mama wa watu alikuwa ameketi ubavuni mwangu akiamini nimepakata maiti ya mtoto, na kwa heshima hakuniuliza!

Nikafungua shuka. Nikalitoa gauni, nikalinyanyua juu kwa mabega yake, shanga zote zikaonekana. Mwanamke aliyekuwa akiomba akapiga kigelegele kikali sana, wengine wakamfuata. "Harusi ya nani? Lini? Wapi?" Nikawaambia: Mwaya, Jumamosi.

"Jumamosi hii?" akauliza yule mwenye tai.

"Hii hii."

"Basi kuna watu hawana habari," akasema, akakaa.

Giza lilipoingia, Mama Sekela alifungua boksi lake akawasha mishumaa minne ili waliokaa nyuma nao walione gauni vizuri. Wanawake wakaimba nyimbo za harusi, za Kihehe, za Kibena, za Kinyakyusa, kila mmoja akisubiri mwenzake amalize ndipo aanze wa kwao. Dereva aliporudi na kipuri alidhani amekosea basi. Tukafika Makambako tukalala humo humo garini, tumebanana kama kuku, na sikusikia tena mtu akitaja kompyuta.

Makambako hadi Kyela

Mbeya tuliingia Alhamisi mchana. Nikabadilisha gari, Mama Sekela naye akapanda hilo hilo. Barabara ile ya kuteremkia Tukuyu ni ya kijani tupu: chai, migomba, ukungu, tena migomba. Mama Sekela aliposhuka alininunulia chane la ndizi mbivu kwa mtu aliyekuwa akiuza kando ya barabara, akanigongea dirishani. "Mwambie huyo binti awe na furaha," akasema. "Na mimi mishumaa iliyobaki nitaitumia kanisani kwenye ubarikio wa binti yangu Sekela, mwezi wa nne." Sikumkumbusha habari ya giza.

Toka hapo ni kuteremka tu, na kila kona unavua kitu. Kwanza sweta, kisha kitenge cha mabegani. Kyela joto linakupokea kama jiko. Nyumba ya wageni niliyofikia haikuwa na taa, kwa sababu mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha mji mzima. Watu walikuwa wameyanunua yote kwa ajili ya giza, kwa hiyo tukakaa gizani tukilisubiri. Lakini wali! Jamani, mchele wa Kyela ukiliwa Kyela kwenyewe ni kitu kingine. Niliula na usipa, vile visamaki vidogo vya Ziwa Nyasa, vimekaangwa vikavu kwa nyanya. Niliongezewa mara mbili bila kuomba.

Kyela hadi Mwaya kwa baiskeli

Kyela ni tambarare na kila mtu ana baiskeli. Ijumaa asubuhi nilipata baiskeli ya abiria, mwenyewe akiitwa Bwana Asegelile, mtu wa miaka kama arobaini na miguu kama nguzo za daraja. Vitunguu vikafungwa mbele, mimi nikakaa nyuma na gauni mapajani. Siku hiyo nilikuwa nimefunga, maana safari ya kuchosha nilijua imekwisha. Nilijidanganya.

Tulipita Ndandalo, tukaacha nyumba nyuma, tukaingia kwenye mashamba. Migomba, mikakao yenye matunda yaliyoning'inia kwenye shina, kisha mabonde ya mpunga. Mvua zilikuwa zimeshaanza, na kwenye madimbwi Bwana Asegelile alikuwa akiniambia "shuka," "panda," "shuka," mpaka karibu nimwambie nitembee tu. Niliona kitu cha ajabu: bonde moja limelimwa na watu wanapanda, la pili limelimwa halina kitu, la tatu halijaguswa.

"Mwalimu," akaniuliza, "ninyi wa mjini mnajua. Huyu mdudu wa elfu mbili anakula mpunga peke yake au na kakao?"

"Mdudu gani?"

"Wa kompyuta. Redio imesema anaingia usiku wa leo, nchi zote. Mimi nimemwuliza bwana shamba ana dawa gani, akacheka tu, akaondoka. Sasa sijapanda."

Nilishuka kwenye baiskeli bila kuambiwa. Nikamweleza, kadiri ninavyoelewa na mimi, kwamba mdudu yule hana miguu wala meno, ni kosa la kuandika mwaka kwenye mashine, mashine inaweza kudhani tumerudi elfu moja mia tisa. Akanisikiliza kwa makini.

"Kwa hiyo ni mwandiko."

"Ni mwandiko."

Akasimama kidogo akiangalia bonde. "Mwandiko!" akasema, na nilipopanda tena akakanyaga pedali kwa hasira mpaka karibu nianguke.

Mbele kidogo tulikutana na mzee aliyevaa koti safi, ameegesha baiskeli yake, ameshikana mikono na mzee mwenzake kwenye kingo za mfereji. Wote wawili walikuwa wanalia machozi. Yule wa koti alipomaliza akatujia, akanipa mkono wa kulia, wa kushoto ameushikiza kwenye kiwiko, kwa adabu kabisa.

"Naaga, mwanangu," akasema. "Kama kuna neno baya nimewahi kukusema, unisamehe."

Nami sikuwahi kumwona. Nikadhani anasafiri. "Hakuna neno, Mzee. Safari njema, ufike salama, uwasalimie huko."

"Na wewe utafika," akanijibu kwa upole. "Sote tunafika leo."

Akapanda baiskeli akaenda zake. Bwana Asegelile akanigeukia. "Huyo ndiye Mzee Lwitiko. Si umesema unakwenda kwake?"

Mwaya, Ijumaa

Tupo alinikumbatia mlangoni akaanza kulia kabla sijashusha vitunguu. Hapakuwa na turubai, hapakuwa na kuni zilizopasuliwa, hapakuwa na dalili yoyote ya harusi. Mwezi wa kumi na moja alipita mhubiri mmoja mgeni, akakaa wiki moja na vijitabu vyake akihubiri kwamba dunia itaisha mwaka ukiisha, akaondoka. Watu wengi walimsahau. Mzee Lwitiko hakumsahau. Aliacha kulima. Alisema hakuna haja ya kupika chakula cha siku ambayo haipo, na akakataza ng'ombe asichinjwe. Wiki ile alikuwa akizunguka na baiskeli kuwaaga watu, na asubuhi hiyo alikuwa amemwachia mzee Gwakisa, yule wa mfereji, mbegu yake yote ya mpunga. Wawili hao walikuwa hawajasalimiana miaka mingi kwa ugomvi wa maji.

"Kaniambia hanikatazi kuolewa," Tupo akasema. "Anasema siku ikifika, atanipeleka kanisani mwenyewe. Lakini haitafika. Wewe ungepata usingizi kwa hilo, dada Rukia? Mimi silali. Siwezi kwenda kanisani baba amekaa nyumbani ananilia kama nimekufa."

Ipyana, mchumba wake, ni tabibu kwenye zahanati. Alikuja mchana na redio ndogo, akaiweka mbele ya Mzee. Mtangazaji akasema kwamba huko visiwa vya mbali mashariki wameshaingia mwaka elfu mbili na wanacheza ngoma. Mzee akasikiliza mpaka mwisho wa taarifa.

"Redioni wanaosema ni watu tu," akasema. "Hata mimi naweza kusema nipo mashariki."

Ipyana akachukua redio yake akaondoka bila kubishana. Nilimheshimu kwa hilo.

Sasa nisikilizeni. Kuanzia saa nane mchana, harufu ya vitunguu vikikaangwa ikaanza kuingia pale uani. Si kutoka jikoni kwa Mama Tupo. Jiko lake lilikuwa baridi. Ilitoka nyumba ya kulia, ya kushoto, na za ng'ambo ya barabara. Vitunguu vilikuwa vyangu. Mama Tupo alikuwa amevigawa nyumba sita, na kila nyumba ilikuwa inapika fungu lake la harusi kwa siri. Nami nimefunga! Nilizunguka ule uwanja kama mtu mwenye homa.

"Leo watu wanakula sana," Mzee akasema akinusa.

"Wanaaga, baba Tupo," mkewe akamjibu, akiendelea kuchambua majani ya maboga. Hakucheka hata kidogo. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba.

Nilipokataa maji ya kunywa, Mzee alinitazama upya. "Umefunga?"

"Ndiyo, Mzee."

Uso wake ukafunguka. "Kumbe na wewe unajua!" Akanivutia kiti karibu na chake. Yeye na wenzake watano waliomwamini yule mhubiri walikuwa wanafunga mpaka usiku wa manane, na toka hapo akanihesabu mimi ni wa saba. Sikupata nafasi ya kumrekebisha. Tulikaa pamoja mchana mzima, sisi wawili tu bila chakula, akinionyesha milima ng'ambo ya ziwa, akinieleza upepo unaotokea huko. Nilimpenda. Sikuona ukali wowote kwake. Niliona mtu anayeogopa kwa ajili ya watoto wake, na hana mahali pa kuuweka woga huo.

Jua lilipozama Mama Tupo aliniletea bakuli la mbalaga, zile ndizi zilizopikwa na maharage, na kipande cha samaki mbasa kilichonona. Nikasoma dua nikanywa maji.

Mzee akashtuka. "Unafungua? Saa sita ya usiku bado!"

"Sisi tunafungua magharibi, Mzee. Kesho nafunga tena."

"Kesho?"

"Na keshokutwa. Mpaka mwezi uandame, wiki ijayo. Halafu Idi."

Nilikula nusu ya samaki yule kabla hajasema neno.

"Kwa hiyo ninyi," akasema polepole, "wiki ijayo mnayo."

"Tunaiomba, Mzee. Hatujaahidiwa. Lakini nguo ya Idi nimeshashona."

Akainuka akaenda kukaa na wenzake. Mimi nililala saa tatu. Mnaoniuliza milenia ilipoingia niliona nini, jibu ndilo hilo: nilikuwa nakoroma.

Mwaya, Jumamosi

Niliamka alfajiri kwa ajili ya daku. Wenzake Mzee walikuwa wamelala chini barazani wamejifunika mashuka. Yeye alikuwa macho, amekaa wima, saa yake ameishika kiganjani.

"Mwalimu," akaniita. "Huyo jogoo anayewika ni wa jana au wa leo?"

"Wa leo, Mzee."

Nilikunywa uji wangu nikiwa nimekaa karibu naye. Kukapambazuka. Kwanza mgongo wa milima, kisha ziwa, kisha migomba, kisha ng'ombe ambaye alikuwa hajachinjwa, anatafuna kama kawaida. Mzee alitazama kila kitu kimoja kimoja, kana kwamba anahakikisha kimerudi. Mwishowe akaita, kwa sauti ndogo, "Mama Tupo. Ile suti yangu iko wapi?"

"Iko kitandani," mkewe akajibu toka ndani. "Niliipiga pasi Jumatano."

Mengine nawaachia mwone kwenye picha. Gauni lilimkaa Tupo utadhani fundi alikuwa Mwaya. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, maana watu walitaka kuona kama Mzee atakuja. Alikuja. Alimshika binti yake mkono, akatembea naye katikati ya kanisa, na watu wote wakawa kimya, kimya kile cha watu wanaojizuia kucheka. Alipofika mbele hakumwachia. Akamgeukia mchungaji akaomba neno moja.

Tupo aliniangalia. Nilifumba macho.

"Ndugu zangu," Mzee akasema, "jana nilipita kwenu nyumba kwa nyumba nikawaaga." Nilisikia mtu anakohoa. "Leo nawasalimu. Mugonile!"

Hiyo ndiyo salamu yao ya asubuhi, mmelalaje. Kanisa zima likamjibu, "Ee, mugonile, tata!" yaani baba, na kicheko kikapasuka, na vigelegele, na mchungaji akajaribu kuendelea akashindwa, naye akacheka. Mzee alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Akaweka mkono wa Tupo kwenye mkono wa Ipyana, akaushindilia kama mtu anayefunga boksi.

Tulipotoka nje, nyumba sita zilifunguka kwa pamoja. Masufuria yakatoka juu ya vichwa vya wanawake, wali, nyama, samaki, ndizi. Mzee akayatazama, akamtazama mkewe.

"Si walikuwa wanaaga?" akauliza.

"Wameghairi," akasema Mama Tupo.

Kwenye foleni ya zawadi alikuja mzee Gwakisa akisukuma baiskeli yenye gunia. "Mbegu yako hii, uliyoniachia nikutunzie."

"Nilikupa," Mzee Lwitiko akasema, akiangalia chini. "Nilikupa kabisa."

"Mimi nilisikia nikutunzie. Sikio langu moja ni bovu, unajua."

Hawakukumbatiana. Walilishusha gunia pamoja, mmoja huku mmoja kule, wakaenda kukaa mkeka mmoja. Wageni walikula mchana kutwa, na fungu langu likafunikwa sahani tatu likawekwa juu ya kabati. Jua lilipozama, wanawake walikuja kama kumi kunitazama nikifungua, wakapiga makofi niliponywa maji, kana kwamba na mimi ni bibi harusi.

Kurudi

Jumapili Mzee alikataa nirudi na baiskeli ya kukodi. Alinipeleka Kyela mwenyewe, mimi nyuma na mchele wa Mama Tupo mapajani. Njiani Bwana Asegelile alitupungia mkono toka bondeni, ndani ya matope mpaka magotini, anapanda.

Mzee alipumua kwa nguvu, akisimama mara kwa mara kusalimia, na kila aliyemsalimia alicheka naye akakubali kuchekwa. Tulipofika stendi alinishushia mzigo, akanipa mkono wa kulia, wa kushoto kwenye kiwiko.

"Ndaga, mwanangu. Asante," akasema. "Uje mwezi wa sita. Mpunga unakuwa umekauka vizuri, unanukia. Usije wa tano, wa tano bado una maji."

Nikamwambia nitakuja wa sita.

Akataka kuongeza neno, akatazama juu. Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa ziwa, na yeye alikuwa hajapanda hata mche mmoja. Akageuza baiskeli pale pale, bila kuniaga, akakanyaga kwenda shambani.